Dereva na Abiria Wake: Nani Hulipa Mtu Akiumia?

Watu wengi wenye magari hudhani kwamba mtu aliyepakiwa bure hana haki ya kumdai mwenye gari. Husema, "Nilimwonea huruma tu, sikumtoza hata senti moja, akiumia, ni bahati mbaya yake na yangu." Maneno hayo yana utu ndani yake, lakini hayana sheria. Katika Kenya, dereva aliyempakia mtu kwa hisani na dereva aliyetoza nauli wana wajibu ule ule wawapo barabarani. Kila mmoja yampasa kuendesha gari kwa uangalifu wa dereva mwenye ujuzi wa kutosha, naye akimwumiza abiria wake kwa uzembe aweza kudaiwa fidia kortini. Tofauti yao iko mahali pengine, yaani kwenye bima, na tofauti hiyo yaweza kumgharimu mwenye hisani kuliko mwenye biashara.

Mfano wake ni kama huu. Mkulima wa viazi huko Kinangop ana pikapu yake. Siku moja apakia magunia kwenda Naivasha, na jirani yake mwenye trei za mayai amwomba lifti. Mbele ameketi mke wa mkulima pamoja na mtoto, basi jirani apanda nyuma, juu ya magunia. Mvua imenyesha usiku kucha, barabara inateleza, na mkulima ana haraka ya kuwahi wanunuzi. Kwenye kona ya mteremko gari lamshinda, lapinduka, na jirani avunjika paja. Mkulima hakukusudia kumdhuru mtu, wala hakupata faida yoyote kwa kumpakia. Lakini korti haitauliza kama alikusudia, wala kama alilipwa. Itauliza hivi: je, dereva mwangalifu angaliingia kona ile kwa mwendo ule, katika tope lile, huku mtu ameketi juu ya mzigo? Ikiwa jibu ni la, mkulima ana lawama, na fidia ni juu yake.

Sheria hii ya uzembe haikutoka katika kitabu kimoja chenye orodha ya makosa. Asili yake ni hukumu za majaji wa Uingereza. Kenya iliipokea sheria hiyo ya majaji kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti, 1897, na hukumu zilizotolewa Uingereza baada ya hapo, ingawa haziwafungi majaji wa hapa, husomwa nao na mara nyingi hufuatwa. Iliyo mashuhuri kuliko zote ilitolewa mwaka 1932 na Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa ndiyo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Lilikuwa shauri la chupa ya kinywaji cha tangawizi huko Scotland, ambayo ilisemekana kuwa na konokono ndani yake. Mtu aweza kuuliza konokono ana uhusiano gani na pikapu ya viazi. Uhusiano wake ni kwamba Lord Atkin alilichukua lile swali la mwanasheria katika Injili ya Luka, yaani jirani ni nani, akalijibu kwa njia ya korti. Alieleza ya kuwa jirani wa mtu, kwa sheria, ni yule ambaye yampasa kumfikiria kabla hajatenda, kwa sababu kitendo chake chaweza kumdhuru. Mtu aliyeketi ndani ya gari lako ameyaweka maisha yake mikononi mwako; kama huyo si jirani, basi hakuna jirani duniani.

Wala kutojua kuendesha vizuri si udhuru. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, ambamo Lord Denning alikuwa mmoja wa majaji, ilisikiliza shauri la mama mmoja aliyekuwa akijifunza kuendesha motokaa. Aliyemfundisha alikuwa rafiki wa jamaa yake, wala hakulipwa kitu. Mtu huyo alikuwa mwerevu, maana kabla ya kukubali kazi hiyo alitaka kwanza kuhakikishiwa kwamba bima ya gari lile itamfaa yeye abiria akiumia. Katika somo la tatu mwanafunzi alikata kona, akashindwa kunyosha usukani, gari likapanda ukingo wa barabara na kugonga nguzo ya taa. Mwalimu akavunjika goti. Ilisemwa kwa upande wa mama yule kwamba mwanafunzi asipimwe kwa kipimo cha dereva aliyekwisha kuhitimu. Mahakama ilikataa. Abiria aliyeumia huumia sawasawa, awe amevunjwa na stadi au na mwanafunzi, na kipimo ni kimoja kwa wote washikao usukani. Hata hivyo mwalimu alipunguziwa fidia yake kwa nusu, kwa sababu naye alikuwa akisaidia kuliongoza gari lile. Baba wa huku kwetu anayempa kijana wake pikapu ajifunzie kwenye barabara ya sokoni, tena ikiwa na watu nyuma, afadhali ayaweke maneno hayo moyoni.

Abiria anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha uzembe. Lakini abiria aliyekuwa akisinzia nyuma ya basi usiku atawezaje kueleza dereva alifanya nini? Korti zinajua jambo hilo. Katika shauri moja la kampuni ya mabasi mwaka 1968, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, ambayo ilikoma mwaka 1977, ilieleza kwamba ajali yenyewe yaweza kuonyesha uzembe, na ikiwa hivyo ni juu ya mdaiwa kuleta maelezo yasiyokuwa na uzembe ndani yake. Basi haliachi barabara iliyonyoka na kulala mtaroni bila ya sababu. Hapo ndipo husikika ule udhuru wa kawaida, kwamba breki zilikatika au tairi lilipasuka. Udhuru huo hautoshi peke yake. Baraza la Malodi lilikwisha kuamua, katika shauri la lori ambalo bomba lake la breki lililika kwa kutu, ya kuwa mwenye lori alipaswa kuonyesha kwamba alilitunza na kulikagua ipasavyo. Kwa hiyo mwenye gari asiyeweka hati za fundi, wala kukumbuka alinunua matairi lini, ana kazi ngumu mbele ya hakimu.

Aghalabu dereva mwenyewe hana mali. Utingo aliyepewa usukani kwa zamu ya jioni hawezi kulipa fidia ya mguu uliokatwa, na mdai humtafuta mwenye gari. Sheria yamruhusu. Bwana huwajibika kwa uzembe wa mtumishi wake aliyekuwa katika kazi yake, na tena si lazima dereva awe mtumishi wa mshahara. Mwaka 1969 mahakama ile ile ya Afrika ya Mashariki ilisema kwamba gari likidhuru kwa uzembe, huchukuliwa kuwa liliendeshwa na mtu ambaye mwenye gari anamjibia, mpaka ushahidi uonyeshe vingine. Ushahidi huo hupatikana mara nyingine. Huko Uingereza, mwaka 1972, mama mmoja alidaiwa kwa sababu mumewe alilichukua gari lake kwenda kunywa pombe, na alipoona amelewa akampa rafiki usukani. Rafiki akawapakia watu wengine, kisha ikatokea ajali iliyowaua mume na rafiki na kuwaumiza abiria. Baraza la Malodi lilisema mama hana lawama, kwa sababu safari ile haikuwa kazi yake. Kumruhusu mtu kutumia gari si sawa na kumtuma. Mkulima aliyemtuma mwanawe kupeleka maziwa kiwandani amemtuma. Yule ambaye mwanawe aliliomba gari ili aende harusini kwa furaha zake, hakumtuma.

Sasa yafuata habari ya bima, na ndiyo hasa iwakamatayo watu wema. Sheria ya Kenya ya bima ya magari, ambayo ni Sura ya 405, yamkataza mtu kuendesha gari barabarani pasipo bima ya kuwalinda watu wengine, ile ambayo madereva huiita thad pati. Mwenye gari aonapo cheti chake hustarehe, akidhani kwamba kila atakayeumia atalipwa na kampuni. Sivyo. Sheria hiyo yamlazimisha kuwakatia bima wapita njia, waendesha baiskeli na watu waliomo katika magari mengine. Lakini kwa abiria wake mwenyewe haimlazimishi, isipokuwa gari likiwa lapakia watu kwa malipo, au watu waliopakiwa kwa sababu ya mkataba wa kazi. Uingereza nayo ilikuwa hivyo zamani, ikabadili sheria yake hata ikawa tangu Desemba 1972 abiria wote ni lazima wakatiwe bima. Kenya imebaki na mpango wa kwanza.

Maana yake kwa yule mkulima wa Kinangop ni hii. Kama lile pikapu lingalimgonga mwendeshaji baiskeli pale konani, kampuni ya bima ingalilipa. Lakini aliyevunjika ni jirani aliyepanda bure, na cheti kilichoko kiooni huenda kisimfae hata kidogo. Mkulima atadaiwa yeye mwenyewe, na hukumu ya fidia ni deni kama madeni mengine: asipolipa, dalali wa korti aweza kutumwa kushika mali yake. Pikapu, ng'ombe wa maziwa na hata shamba vyaweza kuingia hatarini kwa safari ambayo hakupata faida yake hata shilingi moja. Njia ya kujikinga ipo, nayo ni kumwuliza wakala wa bima, kabla ya kulipa ada, kama hati yenyewe inawahesabu abiria, na kama haiwahesabu, kuomba nyongeza yao. Hati hiyo isomwe yote, si cheti tu. Ni maandishi madogo yenye kuchosha macho, lakini ndiyo yatakayosomwa siku ya shauri.

Wengine hujaribu kukwepa shida hii kwa kutoza kidogo, yaani "fedha za petroli." Hapo hujiingiza katika mtego wa pili. Karani wa Thika, kwa mfano, huwachukua wenzake wanne kila asubuhi hadi Nairobi, nao humpa kiasi walichokubaliana kila mwisho wa mwezi. Yeye huona ni ushirikiano wa kazini. Katika shauri lililoamuliwa mwaka 1971 na Baraza la Malodi, mfanyakazi mmoja wa gatini aliyekuwa akiwachukua wenzake kila siku namna hiyo alionekana kuwa apakia watu kwa malipo, ijapokuwa hawakuwa na mkataba wa kisheria kati yao. Jambo lililotazamwa ni kwamba mpango ulikuwa wa kudumu, wenye bei yake, na umevuka mpaka wa wema wa kawaida. Kwa hiyo karani wa namna hiyo huenda akaambiwa mambo mawili kwa pamoja: ya kuwa sheria yamlazimisha kuwakatia bima abiria wake, na ya kuwa bima aliyo nayo ni ya matumizi ya nyumbani, isiyoruhusu kupakia watu kwa malipo. Mwenzi aliyechangia petroli mara moja katika safari ya mazishi hahesabiwi hivyo. Kati ya hao wawili pana uwanja mpana, na mwenye busara haujaribu kwa gari lisilokuwa na bima ya abiria.

Mambo ni mepesi zaidi kwa abiria wa matatu, basi au bodaboda. Hao wamelipa nauli, na bima yao ni ya lazima. Wala kampuni haiwezi kumkatalia majeruhi kwa kusema gari lilikuwa limepakia watu kupita kiasi. Sharti la namna hiyo halina nguvu mbele ya mtu aliyeumia, ingawa kampuni ikishalipa yaweza kumgeukia mwenye gari irudishiwe fedha zake. Lakini bima hii ya lazima ina mwisho wake. Kwa mdai mmoja sheria yaitaka ifikie shilingi 3,000,000 tu, na hukumu ikizidi hapo ziada huwa ni ya mwenye gari. Vibarua wanaopakiwa na bwana wao kwenda kazini wana sheria nyingine tena, ya mwaka 2007, ihusuyo fidia ya wafanyakazi walioumia kazini.

Abiria naye ana wajibu wake. Zamani, mtu aliyechangia uzembe katika kuumia kwake, hata kidogo, alinyimwa fidia yote. Siku hizi korti hugawa lawama, na fidia hupunguzwa kwa kadiri ya fungu la mdai. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba abiria asiyefunga mkanda apunguziwe robo ya fidia yake ikiwa mkanda ungalimwepusha na majeraha kabisa, na asilimia 15 ikiwa ungalipunguza ukali wake. Hapa Kenya mikanda ilikuwa nadra katika matatu mpaka zilipotolewa kanuni za mwaka 2003, chini ya Waziri John Michuki, zilizoanza kushikwa kwa nguvu Februari 2004. Tangu hapo abiria aliyeukalia mkanda badala ya kuufunga ana maneno machache ya kujitetea. Hali kadhalika mtu anayening'inia mlangoni, au mtu wa tatu juu ya pikipiki, iwapo sheria yaruhusu abiria mmoja tu.

Na mtu aliyepanda gari huku akijua dereva amelewa? Wengi husema amejitakia, asipewe kitu. Majaji hawakwenda umbali huo. Mwaka 1939 mama mmoja wa Uingereza aliyepanda na dereva mlevi alipewa haki yake, kwa kuwa kujua hatari si sawa na kumsamehe mtu uzembe wake kabla hajautenda. Miaka ya baadaye, katika shauri la marafiki wawili waliozunguka vilabuni pamoja jioni nzima, abiria alipunguziwa sehemu ya tano. Yule jirani wa juu ya magunia naye angeulizwa kwa nini alikubali kuketi pale. Lakini mkulima angeulizwa kwanza kwa nini alimketisha.

Ajali ikisha kutokea, dereva yampasa kusimama, kutoa jina lake, na kupiga ripoti kwa polisi mapema iwezekanavyo, kwa vyovyote kabla ya saa 24 kupita. Polisi huandika maelezo ya ajali, na nakala yake, ile abstrakti, ndiyo ionyeshayo namba ya gari na bima yake. Majeruhi aichukue, achukue na fomu ya P3, tena atunze kila stakabadhi ya hospitali, ya dawa na ya teksi, maana gharama hizo hulipwa kwa kuthibitishwa tu, hali maumivu yenyewe hakimu huyapimia fidia kwa kulinganisha na hukumu zilizotangulia. Asikae akisubiri kesi ya trafiki akidhani itamletea fidia. Faini anayotozwa dereva huenda Serikalini, na majeruhi lazima afungue shauri lake mwenyewe katika muda wa miaka mitatu tangu siku ya ajali. Kampuni ya bima nayo sharti ipewe taarifa ya shauri hilo kwa wakati uliowekwa, la sivyo yaweza kukataa kulipa. Na kwa kuwa siku hizo ni chache, mawakili wengi huipelekea barua kabla ya kwenda kortini.

Wazee wa kijiji mara nyingi huwapatanisha watu kabla ya hayo yote, na si vibaya. Lakini mwenye gari akumbuke kwamba hati nyingi za bima zamkataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila ya idhini ya kampuni. Majeruhi naye asikubali kutia sahihi karatasi ya kumaliza madai akiwa bado kitandani, kabla daktari hajasema kama mguu utapona au utabaki mfupi. Ukiisha kutia sahihi, ni vigumu sana kurudi.

Abiria akifa, haki yake haizikwi pamoja naye. Sheria mbili hutumika. Ya kwanza huendeleza dai ambalo marehemu angalikuwa nalo, na fedha zake huingia katika urithi. Ya pili huwapa fidia wale waliomtegemea, nao wametajwa: mke, mume, wazazi na watoto, wakihesabiwa pamoja nao babu na nyanya na wajukuu. Ndugu hawamo. Kijana aliyekuwa akilipiwa karo ya sekondari na kaka yake, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za Kenya, hana fungu katika sheria hiyo ya pili. Atakachokipata, kama kipo, kitatoka katika urithi baada ya mjane na watoto.